Dereva mpya wa lori aulize mshahara kabla ya posho ya safari

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumze na vijana wa Kigoma na Tabora wanaotaka kuingia katika udereva wa malori ya masafa marefu, na zaidi nizungumze na wazazi wao, kwa kuwa mara nyingi wao ndio wanaouza kitu ili kijana aende kusomea kazi hiyo. Nimeshika usukani kwa miaka 17, mitatu ya kwanza kwenye Fuso za mchanga na chumvi, iliyobaki nikivuta tela, hadi mguu uliponitoa barabarani. Ninayoyaandika juu ya kipato ni yale niliyoyapokea mkononi na kuyaandika daftarini, pamoja na yale ambayo sheria inayasema na ambayo wengi wetu tuliyajua tukiwa tumekwisha kuchelewa.

Kilichonifanya nichukue kalamu ni shemeji yangu wa Simbo. Mwezi uliopita alinijia nyumbani Gungu pamoja na mwanawe, akiwa amekwisha kupata mnunuzi wa kipande cha shamba la michikichi, ekari moja na nusu yenye miti inayozaa, ili fedha hiyo imlipie kijana mafunzo, leseni na nauli ya kwenda Dar es Salaam kutafuta gari. Mpwa wangu alikuja na hesabu yake tayari kichwani. "Mjomba," aliniambia, "tripu moja ya Lubumbashi kule Kongo dereva anapewa karibu milioni. Nikipiga tripu kumi na mbili kwa mwaka, baba atanunua shamba mara mbili ya hili." Nikamuuliza tripu hiyo inachukua siku ngapi. Akanyamaza, akamtazama baba yake. Nikamuuliza hiyo karibu milioni inalipia nini njiani. Hilo nalo hakuwa ameambiwa, maana aliyemsimulia ni dereva aliyekuja likizo na viatu vipya, na mtu aliyekuja likizo na viatu vipya hasimulii habari za foleni.

Kipato cha dereva wa lori kina mafungu mawili, na kijana asipoyatenganisha tangu siku ya kwanza atajidanganya miaka yote. Fungu la kwanza ni mshahara, unaolipwa mwisho wa mwezi gari litembee lisitembee. Fungu la pili ni posho ya safari, ambayo tajiri, yaani mwenye gari, anakukabidhi unapoondoka na mzigo, na ambayo ndani yake mna chakula chako, maegesho, pancha, simu na kila kitakachokukuta mpaka urudi. Posho ndiyo inayosimuliwa vijiweni kwa sababu inakuja kwa mkupuo na noti zake zinaonekana. Mshahara hausimuliwi, na wapo madereva ambao ukiwauliza ni kiasi gani wataanza kukuna kichwa.

Tuanze na huo usiosimuliwa. Amri ya kima cha chini cha mshahara iliyoanza kutumika Januari 2023 iliweka shilingi 300,000 kwa mwezi kwa wafanyakazi wa usafirishaji wa nchi kavu, kutoka 200,000 iliyokuwa katika amri ya mwaka 2013. Kima hicho hupitiwa upya kila baada ya muda, kwa hiyo kijana aulize kilichopo siku anayosaini. Kwa niliyoyaona, dereva mpya asiye na jina kwa matajiri asitarajie kuanzia mbali sana na kima hicho. Wanaozidi ni wachache, nao ni wale wanaobeba mafuta au kemikali, ambao wamesomea mzigo wa hatari na wana miaka kadhaa bila ajali. Katika hiyo 300,000, asilimia 10 inakwenda NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, na mwajiri anatakiwa kuweka asilimia 10 nyingine kutoka mfukoni mwake. Inabaki 270,000, ambayo kwa viwango vilivyokuwapo amri hiyo ilipoanza haikuguswa na kodi, kwa kuwa kodi ya mshahara ilianzia juu ya kiasi hicho hicho. Hiyo 270,000 ndiyo iliyokuwa fedha ya dereva mpya katika mwezi ambao gari limelala, na ndiyo ambayo mkewe angeweza kuipangia kodi ya nyumba bila kuota.

Sasa posho. Daftari langu la mwaka 2018 bado ninalo, jalada lake limeloa mafuta ya breki na kurasa za katikati zimeshikana. Nilimfungulia mpwa wangu safari moja ya Lubumbashi ambayo haikuwa mbaya wala haikuwa nzuri. Siku nne nilisubiri kupakia Dar es Salaam. Siku tatu hadi Tunduma, njia ya zaidi ya kilomita 900, kwa kuwa mzigo ulikuwa mzito na mlima Kitonga haupandwi kwa haraka. Foleni ya mpaka wa Tunduma ilinila siku tano. Kuivuka Zambia kupitia Mpika, Serenje na Kapiri Mposhi, siku nne. Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia na Kongo, siku sita, ambazo katika daftari sikuandika kitu zaidi ya neno "joto". Kushusha Lubumbashi siku mbili, na kurudi tela likiwa tupu siku saba. Jumla siku 31.

Posho ya safari hiyo ilikuwa 850,000. Chakula nilikihesabu 10,000 kwa siku, nikijipikia kando ya tairi kwa jiko la mafuta ya taa kila nilipopata nafasi, na kilifika 310,000. Maegesho ya usiku na walinzi, ambao usipowalipa unaamka turubai limepasuliwa, 95,000. Pancha mbili 40,000. Simu pamoja na laini za nchi za watu 35,000. Bafu na choo, ambavyo huko hulipiwa kila unapoingia, 20,000. Kisha kuna 110,000 ambayo nimeiandika "mengineyo", na kila dereva anajua mengineyo ni mikono ya namna gani. Vyote hivyo ni 610,000. Nilirudi na 240,000, ambayo ukiigawa kwa siku 31 haifiki 8,000 kwa siku.

Mshahara wangu wakati ule ulikuwa hiyo 200,000 ya amri ya 2013, kwa hiyo mwezi mzima ulinipa 440,000 kabla ya makato. Na mwezi kama huo haukuja mara kumi na mbili. Mwaka ule nilikwenda safari saba. Kama zote zingekuwa kama hiyo, saba mara 240,000, ukijumlisha na mishahara ya mwaka, unapata 4,080,000, yaani 340,000 kwa mwezi. Najua bei zimepanda tangu hapo na posho nazo zimepanda, lakini chakula cha njiani kimepanda vilevile, na mpwa wangu alipoizungusha hesabu hiyo kwenye simu yake mara mbili haikubadilika. Nilimwona anarudi kwenye ile 7 akaifuta, akaandika 10, akatazama jibu, akaifuta tena.

Kwa nini saba na si kumi na mbili? Kwa sababu gari halitembei kwa matakwa ya dereva. Meli ikichelewa bandarini, gari limelala. Hati za mzigo zikikosewa herufi moja, gari limelala mpakani. Gia boksi ikifa, gari liko gereji na dereva yuko chini ya gari pamoja na fundi, mara nyingi bila malipo ya ziada. Mwaka wangu wa pili katika tela, tajiri mmoja niliyemfanyia kazi, ambaye simtaji, alinikalisha gereji miezi miwili na wiki moja, na siku ya kulipwa akaniambia kwamba dereva halipwi gari likiwa limesimama. Sikuwa na mkataba. Nilikuwa na namba yake ya simu tu, na hiyo nayo haikupokelewa.

Hapo niongeze neno juu ya deiwaka, kwa kuwa ndiko wengi wa vijana wetu wanakoanzia. Deiwaka ni dereva asiye na gari lake katika kampuni. Anaitwa pale dereva aliyekabidhiwa gari akiugua, akienda msibani au akiwa amegombana na tajiri. Analipwa kwa safari, hana mshahara, hana NSSF, na akirudi anarudi kijiweni. Siudharau udeiwaka, mimi mwenyewe nilipita huko, na ndiko matajiri wanakompima mtu kabla ya kumkabidhi kichwa na tela vya mamilioni. Hata leseni ya daraja E, inayoruhusu malori makubwa, haimfungulii kijana mlango mara moja, kwa sababu matangazo ya kazi karibu yote yanadai miaka ya uzoefu. Lakini mzazi anayeuza shamba ajue kwamba mwaka wa kwanza, na pengine wa pili, kijana wake anaweza kuwa anaitwa mara moja kwa mwezi na mwezi mwingine asiitwe kabisa.

Sheria yenyewe si mbaya. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya kazi kwa maandishi, pamoja na malipo yake, namna yanavyokokotolewa na marupurupu yaliyomo. Inaweka saa za kawaida kuwa 45 kwa wiki na zisizozidi 9 kwa siku, na saa za ziada zilipwe mara moja na nusu. Ukiichukua 300,000 ukaigawa kwa saa 195 za mwezi, saa moja ni kama shilingi 1,538, na saa ya ziada ni kama 2,307. Kazi ya usiku, kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, inaongezewa asilimia 5, yaani kama shilingi 77 kwa saa. Shilingi 77! Nilipoipiga hesabu hiyo mara ya kwanza nilicheka peke yangu, maana ndiyo thamani ya kupambana na usingizi kati ya Manyoni na Singida. Hata hizo hazikuwahi kulipwa kwangu, kwa kuwa tajiri alisema posho imekwisha kufunika kila kitu. Nadhani hapo ndipo ujanja wenyewe ulipo: posho, ambayo ni gharama ya safari, inageuzwa kuwa jibu la kila dai la mshahara.

Kuhusu makato, vijana wasikilize kwa makini zaidi, kwa sababu ndiko fedha ya dereva mpya inakopotelea. Mafuta yakipungua kwenye tangi kulinganisha na makadirio ya ofisi, mfuko wa saruji ukipasuka, taa ya nyuma ikivunjika, dereva anakatwa. Sheria inaruhusu kukata kwa ajili ya hasara iliyosababishwa na kosa la mfanyakazi akiwa kazini, lakini kwanza mwajiri aeleze kwa maandishi sababu na kiasi, mfanyakazi apewe nafasi ya kupinga, na makato hayo yasizidi robo ya malipo yake ya fedha. Kwa mshahara wa 300,000, robo ni 75,000. Mimi niliwahi kukatwa mshahara wote kwa turubai lililoibwa nikiwa nimelala kwenye foleni, na karatasi pekee niliyopewa ilikuwa risiti ya turubai jipya. Simsafishi kila dereva. Wapo wanaonyonya mafuta na kuyauza kwenye madumu kando ya barabara, na hao ndio waliowafanya matajiri wafunge mitambo ya kufuatilia magari na kumhesabia kila mtu lita kwa jicho la mwizi. Dereva mpya anaingia akiwa amekwisha kushukiwa, na anayemwambia kwamba "mafuta ndiyo mshahara wenyewe" anampeleka polisi.

Nilisema mguu ndio ulionitoa barabarani. Ilikuwa mwaka 2020, sikuwa hata barabarani. Nilikuwa juu ya mzigo yadi nikivuta kamba ya turubai, kamba ikakatika, nikaangukia sakafuni kwa goti. Tajiri niliyekuwa naye wakati ule, namshukuru, alikuwa ameniandikisha, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulinilipa kwa miezi niliyokuwa nyumbani. Malipo hayo ni asilimia 70 ya mapato ya mwezi. Mapato yaliyoandikwa yalikuwa mshahara, 200,000, kwa hiyo nilikuwa napata 140,000. Miaka yote nilikuwa nimeishi kama mtu wa 400,000 na zaidi, nikawaambia hivyo watu wa nyumbani, nikakopa kwa kipimo hicho. Nilipolala kitandani, karatasi ikanitambua kama mtu wa laki mbili. Michango yangu ya NSSF nayo ilikatwa katika hizo laki mbili, si katika posho. Mpwa wangu alikuwa anatikisa kichwa kwa heshima katika mambo mengine yote, ila hapa aliuliza mwenyewe: "Kwa hiyo mjomba, posho haipo?" Nikamwambia ipo, unaila.

Wapo watakaosema kwamba mambo yamebadilika kwetu huku mwisho wa reli, na ni kweli. Zamani gari la Dar es Salaam kuja Kigoma lilizungukia Singida na Nzega ndipo lije Tabora, na masika kipande cha Kaliua kuja Malagarasi kilikuwa kinaweza kukulaza siku tatu kwenye tope ukila mihogo ya wanakijiji. Siku hizi kuna daraja kubwa Malagarasi, na lami ya Nyahua hadi Chaya imemfupishia dereva njia ya Manyoni kuja Tabora. Lakini barabara ilipokuwa nzuri, tajiri wangu alizihesabu upya siku za safari na kuipunguza posho, na mshahara aliuacha palepale ulipokuwa. Yaani dereva aliyezoea kubakiza kitu kwa kujinyima siku za njiani alinyang'anywa zile siku. Reli ya kisasa nayo inakuja; mkataba wa kipande cha Tabora hadi Kigoma, kilomita 506, ulisainiwa Desemba 2022, na siku treni hiyo ikianza kubeba makontena ya Kongo na Burundi hadi bandarini kwetu, sehemu ya safari ndefu zinazosimuliwa leo zitakuwa zake. Malori yatabaki na chumvi ya Uvinza, tumbaku ya Urambo, mahindi ya Kasulu, na masafa mafupi ambayo posho yake ni ndogo. Kijana anayeanza leo ataifikia siku hiyo akiwa katikati ya kazi, na ndiyo sababu nyingine ya kutaka mshahara wake uwe wa kueleweka.

Tulipogoma Aprili 10, 2015, madereva wa mabasi na malori nchi nzima, mikataba ya kazi ilikuwa moja ya madai yetu makubwa. Nililaza gari Nzega siku hiyo. Baada ya hapo mikataba ilianza kuonekana, nami nikapata ya kwanza katika maisha yangu, kurasa mbili, lakini mingi niliyoisoma tangu wakati huo ina mstari mmoja wa mshahara kwa kima cha chini na haitaji kabisa posho inakokotolewaje, nani analipa pancha, na siku za kusubiri mpakani zikizidi makadirio nani anaongeza chakula. Hiyo mistari mitatu tu ingeondoa nusu ya ugomvi uliopo kati ya matajiri na madereva. Na kijana ambaye ameonewa asikae kijiweni akilalamika: Tume ya Usuluhishi na Uamuzi inapokea malalamiko ya kufukuzwa kazi isivyo halali ndani ya siku 30, na migogoro mingine kama ya mishahara isiyolipwa ndani ya siku 60. Mimi nilikwenda kuuliza habari za ile miezi miwili ya gereji baada ya mwaka mzima.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni dogo. Gazeti lako hupokea matangazo ya nafasi za udereva, na karibu yote huandika "mshahara mnono na posho nzuri" au "maslahi ni ya kuridhisha". Ingefaa mwenye kutangaza aandike mshahara kwa tarakimu, na posho ya safari kwa tarakimu, kila kimoja peke yake, pamoja na idadi ya siku alizozikadiria. Chama cha wafanyakazi na maofisa wa kazi wa mikoa yetu nao wapite katika yadi wakaulize jambo hilo hilo, hasa siku za mwanzo wa wiki, madereva wengi wanapokuwa wanasubiri kupakia.

Shemeji yangu hajauza shamba. Amemwambia mnunuzi asubiri hadi michikichi ivunwe msimu huu, na kijana amekwenda Uvinza kuwa utingo kwenye Fuso ya chumvi ya jirani yetu, analipwa kwa siku na analala nyumbani siku nyingi za wiki. Amenunua daftari.

Wako,
Dereva wa zamani wa masafa marefu,
Gungu, Kigoma.